Mkwe Anapita Ihangilo

Mkwe alipita juu ya mashamba ya Ihangilo saa kumi na mbili na dakika nne asubuhi, na kama kawaida yake hakusalimia mtu. Alitokea upande wa Ziwa Nyasa, akalivuka bonde zima la Usangu kwa muda wa mtu kufunga kamba za viatu, akaendelea na safari yake ya kaskazini. Hakuna aliyemwona. Mkwe ni setilaiti. Yuko juu kilometa mia tano, na mwanga anaoutupa chini ni wa aina ambayo jicho la binadamu halikujaliwa kuuona.

Saa mbili kasoro robo, Sekela Mwaipaja alikuwa ameshakaa mbele ya skrini katika kituo cha usomaji cha Rujewa, mwanawe yuko kwenye titi, mkono wake mmoja uko kwenye kibodi. Lugano alikuwa na miezi minane na jino la tatu lililokuwa linamtesa yeye na mama yake kwa pamoja. Dada wa kazi alikuwa ameaga Jumapili kwamba anakwenda kumsalimia shangazi yake, na mpaka leo Alhamisi shangazi alikuwa bado anasalimiwa.

Sekela akapiga mwayo mpaka machozi yakamtoka. Akaisogeza picha. Bonde lilikuwa kijani skrini nzima, isipokuwa mahali pamoja. Pale Ihangilo nukta zilikuwa nyekundu.

"Tena," alisema, na mtoto akaacha kunyonya, akamtazama, akaendelea.

Mwalimu wake wa masomo ya jioni ndiye aliyemweleza jinsi Mkwe anavyofanya kazi, na mpaka leo Sekela hajapata maelezo mazuri kuliko yale. Mkwe anatuma chini mapacha wawili, alisema mwalimu. Ni miale miwili ya mwanga, wanafuatana kwa karibu kiasi kwamba ardhi haina muda wa kubadilika kati yao. Wanafanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, na tofauti ya rangi yenyewe ni kama unywele. Lakini methani inaijua tofauti hiyo. Pacha mmoja gesi inamla njia nzima, akishuka na akipanda. Mwingine haimgusi. Wote wanagonga ardhi na kurudi juu. Basi ukishawapokea unawaweka kwenye mizani: yule aliyerudi amekonda, amekonda kiasi gani? Hapo umejua ni gesi kiasi gani iliyosimama kati ya Mkwe na lile tope la chini. Haihitaji jua, haihitaji mtu kupanda mlima na chupa.

Asubuhi ile, juu ya Ihangilo, pacha wa kwanza alirudi amekonda vibaya. Hewa ya bonde ilisoma elfu mbili mia moja arobaini, maana yake chembe za methani katika kila chembe bilioni za hewa. Ihangilo ilisoma elfu mbili mia mbili thelathini na moja. Kikomo cha mashamba ya mpunga kilikuwa elfu mbili mia moja themanini.

Na hii ilikuwa nyekundu ya tatu mfululizo. Tangu nchi za bonde zitie sahihi Mkataba wa Hewa, kila mtu aliyelima kwa maji ya mfereji alijua maana ya nyekundu ya tatu. Lango kuu linajifunga lenyewe, siku ishirini na moja, na hakuna ufunguo wa kulifungua. Linachosubiri ni msomaji tu. Msomaji ana mpaka saa kumi na mbili jioni kubonyeza Thibitisha, au Wingu kama wingu liliziba kipimo na hakihesabiki. Akinyamaza, mfumo unahesabu amethibitisha.

Mzee Kihwele, mkuu wa zamu, aliingia na kikombe cha chai akasimama nyuma yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba na uso wa mtu aliyeanza kustaafu taratibu bila kuwaambia watu.

"Ihangilo?"

"Ihangilo, mzee."

"Mpunga wao uko wapi saa hizi?"

"Una mimba. Wiki hii au ijayo unachanua."

Kihwele akanywa chai yake. Wote wawili walizaliwa kwa wakulima. Hapakuwa na haja ya kuelezana. Mpunga ukinyimwa maji ukiwa na mimba unazaa masuke yaliyosimama vizuri, yanapendeza hata kupiga picha, na ndani yake ni mapepe matupu.

"Mama Lugano," alisema Kihwele kwa sauti ya chini, "asubuhi mimi niliona kama kuna kiwingu."

"Hapakuwa na wingu, mzee."

"Chembamba."

"Mwanga ukigonga wingu unarudi mapema. Hawa wamerudi kwa wakati wao. Wamegonga ardhi." Akaionyesha mistari kwa kidole. "Tazama mwenyewe."

"Sitaki kutazama. Nikitazama nitakuwa nimeona." Akaweka kikombe mezani. "Data ghafi haifunguliwi na mtu. Tangu nije hapa, miaka kumi na moja, sijaona mtu anaifungua."

Sekela alijua. Yeye mwenyewe alishabonyeza Wingu mara moja, mwaka jana, na siku ile pia anga lilikuwa jeupe. Lilikuwa dampo la Kimbusa. Wanawake waokota plastiki walikuja hapa kituoni wamebeba watoto, wakalia kwamba dampo likifungwa hawana pa kwenda, na yeye wakati ule alikuwa na mimba ya miezi mitano na moyo laini kama uji. Alibonyeza. Miezi miwili baadaye gesi ile ile aliyoiita wingu ilishika moto chini ya taka, ikamuunguza miguu mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani. Sekela alikwenda kumwona hospitali na maziwa ya pakiti na machungwa. Alikaa dakika kumi. Akaondoka bila kumwambia nani alibonyeza Wingu.

"Naomba bajaji ya ofisi," alimwambia Kihwele. "Nataka nikaone kuna nini pale."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

*

Ihangilo ilikuwa kavu.

Hilo ndilo lililomshangaza tangu mbali. Alitegemea kukuta maji yamesimama kwenye majaruba, maana tope lililofunikwa na maji mwezi mzima bila kupata hewa ndilo linalopika methani. Badala yake alikuta tope limelazwa wazi, linang'aa juani, mpunga umesimama juu yake kijani kizito, na mifereji ya kutolea maji bado inachuruzika.

"Shikamoo mama," alimwamkia mwanamke aliyekuja kumpokea, amevaa mabuti ya mpira na kitenge kilichofungwa juu ya suruali.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye msomaji wetu? Mbona umekonda hivyo, hawawalishi huko? Lete huyo mume wangu nimbebe, wewe upumue." Kabla Sekela hajajibu, Lugano alikuwa ameshahamia mgongo mwingine. "Mimi ndiye Mama Subilaga, mwenyekiti wa skimu. Na huyu ni Masanyiwa, mgawa maji wetu. Usimsikilize sana, anapenda sifa."

Masanyiwa, mtu mrefu mwenye shada la funguo kiunoni, akacheka. "Sifa ninazostahili, mwenyekiti. Mwambie mgeni tulichofanya."

"Mwambie mwenyewe, si unawashwa?"

"Jana saa sita mchana," alisema Masanyiwa, "tumefungua vilango vyote vya kutolea maji. Mia moja na arobaini. Kufikia magharibi, hata chura alikuwa hana pa kuoga. Zile nyekundu mbili za nyuma tulisema hatukukausha vya kutosha; safari hii Mkwe alipopita asubuhi amekuta nyumba imefagiliwa."

Sekela akahisi uchovu wa siku nne unamshuka mabegani. "Mnafanya hivi kila anapopita?"

"Kila siku ya kumi na sita, tangu Machi," alisema Mama Subilaga kwa fahari. "Ratiba si mnaibandika wenyewe? Mimi ndiye niliyelianzisha hili. Nilipoolewa, baba mkwe hakutakiwa kuniona hata kisigino. Nikisikia kikohozi chake kule barabarani, naficha vyungu, nafagia uwanja, najifungia nyuma ya nyumba mpaka apite. Miaka tisa niliishi hivyo. Mpaka anakufa aliamini mimi ni msafi kuliko wote." Akacheka, na mtoto mgongoni akacheka naye. "Sasa huyu wa juu ana tofauti gani? Nikawaambia watu wangu, Mkwe anapita, ficheni maji."

"Na kina mama siku hiyo wanajitanda vichwa," aliongeza Masanyiwa. "Kwa utani tu, lakini wanajitanda."

Sekela hakucheka. Alitoa kinusi kwenye mkoba, kifaa cha ukubwa wa tochi kinachopima gesi ya pale ulipo, akakishusha karibu na tope. Namba zilipanda taratibu, kisha zikasimama juu kuliko alivyotaka. Akahama jaruba la pili, la tatu. Vivyo hivyo.

"Hakuna jaruba hata moja lenye maji?"

"Lipo moja," alisema Masanyiwa, akaonyesha kwa kidevu. "La Asagwile. Alikwenda msibani Tukuyu na ufunguo wa kilango chake mfukoni. Tulimtukana hapa jana, masikio yamemuwasha mpaka huko."

Jaruba la Asagwile lilikuwa na maji ya kina cha kiganja, yametulia, mbingu nzima imelala ndani yake. Sekela akainama na kinusi. Namba zilikuwa za chini. Hazikuwa nzuri, ila zilikuwa nusu ya zile za kwenye tope. Akabaki ameinama pale kwa muda, mgongo unamuuma, anaogopa kusimama kwa sababu alishaelewa, na akisimama itambidi aseme.

"Tulitobolee tuta," alisema mwishowe. "Maji yatoke. Nataka mwone kwa macho yenu."

Masanyiwa alimpigia Asagwile kwanza. Ilisikika sauti ya kwaya ya msiba, na mtu anayenong'ona, "Toboeni, lakini mnizibie vizuri, si kama mwaka jana." Jembe likashuka mara tatu. Maji yakaanza kutoka kwa mwendo wa kuchoka.

Walikaa juu ya tuta wakisubiri. Watu waliokuwa kivulini walianza kusogea mmoja mmoja kuona msomaji anafanya nini. Maji yalipobaki kidogo, tope likaanza kuonyesha mgongo wake, na hapo viputo vikaanza. Vilikuwa vichache, kisha vingi, vinapasuka kwa sauti ndogo kama chungu kinachotaka kuchemka. Sekela akashusha kinusi. Namba zikapanda. Zikapanda tena. Kikaanza kupiga kelele, na Lugano, aliyedhani ni kichezeo, akapiga makofi.

Hakuna mwingine aliyepiga makofi.

"Gesi inapikwa chini ya maji," alisema Sekela. "Lakini nyingi haitoki. Inabaki imelala humo humo kwenye tope, maji yameikalia kama blanketi. Wiki mbili nzima inajilimbikiza. Mkifungua maji yote kwa pamoja, mmeifunua yote kwa pamoja. Inatoka kwa siku moja, siku mbili. Na nyinyi mnaifunua mchana wa kabla ya Mkwe kupita."

Mahali fulani mtu akasema "Mungu wangu," taratibu.

Mama Subilaga alikuwa amesimama, mkono mmoja nyuma umemshika mtoto. "Nyekundu zote tatu?"

"Zote tatu, mama."

"Kwa hiyo tungekaa kimya tu. Tungeacha maji."

"Mngeacha maji, ingekuwa njano. Mngefuata kijitabu, mkakausha kwa zamu kila wiki, kipande hiki leo na kile kesho, tope linapata hewa na halipati muda wa kulimbikiza. Ingekuwa kijani."

"Kijitabu!" Mwanamke mmoja akarusha mikono. "Aliyeandika kijitabu amewahi kupalilia? Maji yakiondoka magugu yanaota kama nywele! Maji ndiyo yanatupalilia sisi!"

"Ni kweli," alisema Mama Subilaga bila kugeuka. "Usimgombeze, mwenzio kaja kwa wema. Ni kweli tulikataa zamu kwa sababu ya migongo yetu. Tuliona kufagia siku moja ni rahisi kuliko kufagia kila siku." Akamtazama Sekela. "Sasa lango linafungwa?"

"Saa kumi na mbili jioni."

"Na mpunga una mimba."

"Najua, mama."

"Mwanangu." Mama Subilaga akasogea karibu, akashusha sauti, na sauti yenyewe ikawa ya kumbembeleza mtoto. "Nasikia kuna neno wingu. Unabonyeza wingu, imekwisha. Sisi tumeshajua kosa, haturudii tena. Kaya mia tatu hapa. Huyu mgongoni kwangu ana wenzake, kule kwenye zile nyumba, wa umri wake huu huu."

Sekela akatazama mikono yake. Ilikuwa na tope mpaka kwenye viwiko. Alitaka kusema ndiyo. Alitaka kwa mwili wote, jinsi mtu mwenye usingizi anavyoutaka mkeka.

"Nilishaibonyeza mara moja," alisema. "Nilimsaidia mtu nikamuunguza miguu." Akawaeleza habari ya Kimbusa kwa maneno machache, macho yake kwenye tope, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuisema kwa sauti na hakujua uso wake unafanyaje. "Mkwe hakudanganya siku ile na leo hajadanganya. Gesi imetoka kweli. Nikisema ni wingu, kesho na kesho kutwa hata nyinyi mkiwa safi, nani atawaamini?"

"Tukishakufa njaa kuaminiwa kutatusaidia nini?" aliuliza yule mwanamke wa magugu.

Sekela akaenda pembeni kumpigia Kihwele.

"Kuna pingamizi," alisema Kihwele baada ya kumsikiliza. Ilisikika anasogeza kiti. "Liko chini kabisa ya ukurasa. Hakuna aliyewahi kulitumia, kwa hiyo usiniulize linavyofanya kazi. Unathibitisha kipimo kwamba ni cha kweli, unaeleza chanzo, mwenyekiti wa skimu anakiri kwa sahihi yake. Lango linabaki wazi mpaka Mkwe apite tena. Siku kumi na sita."

"Na akipita?"

"Akikuta njano au kijani, maji yanabaki. Akikuta nyekundu, lango linafungwa msimu mzima, sio siku ishirini na moja. Na msomaji aliyeomba anarudisha cheti. Cheti chako kilikugharimu miaka mingapi ya masomo ya usiku?"

"Mitatu na nusu."

"Basi hesabu vizuri, Mama Lugano. Kuna kaya mia tatu hapo, na kila kikundi kina vilango vyake. Ikitokea kikundi kimoja tu kimeogopa, kikafungua maji siku moja kabla Mkwe hajapita..."

"Najua."

"Tope wameshalikausha jana. Likirudishiwa maji linachukua muda gani kuanza kupika tena?"

"Siku chache. Lakini maji yakibaki juu, gesi nyingi italala humo humo kwenye tope." Hapo ndipo tumaini lake lote lilipokuwa, na lilikuwa dogo, linaenea kwenye kiganja.

Aliporudi na kueleza, kelele ziliinuka pande zote. Wengine walisema wanategwa. Wengine walisema siku ishirini na moja ni afadhali, labda mvua itanyesha. Masanyiwa aliuliza kwa nini mwenyekiti aandike makosa yake mwenyewe, lini nchi hii mtu akaandika makosa yake akabaki na kiti?

"Hatabaki nacho," alisema Mama Subilaga. "Kanuni zetu zinasema hivyo, ukurasa wa pili, na mimi ndiye niliyeziandika. Mwenyekiti aliyeidanganya mamlaka ajiuzulu." Akamfungua Lugano mgongoni, akamrudisha kwa mama yake taratibu, akavuta kitenge sawasawa. "Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na miwili. Nilipoingia mfereji ulikuwa wa udongo. Haya, leta hicho kidude chako cha simu nitie sahihi."

"Mama, fikiri kwanza," alisema Sekela. Hakutegemea kwamba ni yeye atakayeogopa. "Ukitia, na mimi nimetia."

"Wewe umefikiri?"

Lugano alikuwa amemshika sikio. Jino lake la tatu lilikuwa linachungulia kwenye ufizi, dogo kama punje ya mchele. Sekela alifikiri kodi ya chumba, alifikiri madaftari yake matano yaliyoandikwa usiku baada ya usiku, mwalimu anaeleza na yeye anasinzia na kushtuka na kusinzia.

"Nimefikiri," alisema.

Mama Subilaga akatia sahihi kwa kidole chenye tope. Saa kumi na moja na dakika ishirini Sekela akabonyeza, na hakikutokea kitu chochote. Hakikulia, hakikuwaka. Maji ya mfereji mkuu yaliendelea kupita.

"Basi?" aliuliza Masanyiwa.

"Basi. Fungeni vilango vya kutolea. Rudisheni maji."

*

Siku ya kumi na tano jioni simu ya Sekela iliita akiwa anafua.

"Msomaji," ilikuwa sauti ya Masanyiwa, na nyuma yake watu wanabishana. "Huku kikundi cha tatu wanataka kufungua maji. Wanasema mioyo inakataa. Wanasema Mkwe hawezi kupita nyumba imejaa maji namna hii, ni aibu."

Sekela akakaa kwenye ndoo. "Mwenyekiti mpya anasemaje?"

"Mwenyekiti mpya ndiye kikundi cha tatu."

"Masanyiwa, wakifungua tumekwisha. Wote. Na mimi."

"Najua. Ndiyo maana Mama Subilaga amekwenda na kigoda chake, amekaa juu ya kilango chao kikuu. Amesema atakayetaka kufungua amnyanyue yeye kwanza. Wanamzunguka tu. Nani atamnyanyua? Nusu yao amewakanda wakizaliwa."

Sekela alitaka kucheka, ikatoka pumzi tu. Hakulala vizuri, lakini tangu lini alilala vizuri.

Asubuhi Mkwe alipita. Data ilifika saa moja na nusu, na Sekela hakuifungua mara moja. Alimlaza Lugano kwenye kikapu, akafuta meza, akafuta tena. Kihwele alikuja bila chai, akavuta kiti, akakaa kando yake, na safari hii akatazama.

Bonde likaja kijani. Nukta zikapanda kutoka kusini, mstari kwa mstari, kama meno ya reki yanayovutwa. Usangu ya chini. Mto. Barabara kuu. Ihangilo.

Njano.

Elfu mbili mia moja sabini na sita. Nne tu chini ya kikomo. Kihwele aliisoma kwa sauti mara mbili, kisha akavua miwani na kuifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Msimu ujao lazima waanze zamu," alisema. "Hii ni pumzi tu."

"Wameshaanza, mzee. Majaruba ya mpunga mchanga yameanza zamu wiki iliyopita."

Sekela akabonyeza Thibitisha. Kisha akapiga simu ya Mama Subilaga. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na safari hii akapokea Masanyiwa.

"Hawezi kushika simu, yuko kwenye magugu tangu alfajiri. Magugu yameota huku, dada yangu, usiombe. Migongo yote imekufa. Nimwambie nini?"

"Mwambie maji yanabaki."

Alisikia Masanyiwa anageuka na kupaza sauti, mara moja, halafu ya pili kwa nguvu zaidi. Alisikia sauti nyingine zikiipokea na kuipeleka mbele kutoka jaruba hadi jaruba, inapungua kadiri inavyokwenda. Kisha jibu likarudi kwa njia ile ile, mdomo kwa mdomo, mpaka likamfikia Masanyiwa, naye akaliweka kwenye simu.

"Anasema amesikia. Anasema huyo mume wake mdogo umpe mtu amshike, na wewe ukalale."